Tunu za Urafiki katika Kambi za Skauti wa Kike: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa kila mwaka kabla ya kambi za kiangazi, na wasichana wanaokwenda kambini kwa mara ya kwanza, wazazi wanaowafungashia mizigo, na viongozi wapya wa vikosi. Majibu yanahusu zaidi desturi ya Girl Scouts wa Marekani, ambako jambo hili limekita mizizi, ingawa sehemu kubwa itamfaa msichana wa kambi yoyote. Pale jibu moja linapotegemea jingine, msomaji ameelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Tunu za urafiki ni nini hasa?

Ni vitu vidogo vya kutengenezwa kwa mkono ambavyo wasichana hubadilishana wanapokutana kambini, kila mmoja akitoa chake na kupokea cha mwenzake. Kila tunu hufungwa kwenye pini ile ambayo ncha yake hujificha ndani ya kikofia cha chuma, ili anayeipokea aitundike kwenye kofia au mfuko wake papo hapo. Miongoni mwa Girl Scouts zinajulikana kwa jina la SWAPS, nasi hapa tutaziita tunu.

Umbo lake ni hiari ya mtengenezaji. Utakuta hema la kitambaa lisilozidi kidole gumba, kobe mwenye gamba la ganda la njugu, blanketi lililokunjwa na kufungwa kwa uzi kama mzigo wa msafiri, au mkeka wa kukalia uliosukwa kwa vipande vyembamba vya karatasi. Huo wa mwisho ni mfano mdogo wa mikeka ya magazeti ambayo wasichana hawa wameitengeneza kwa miaka mingi ili wasikae kwenye majani mabichi yenye umande.

Desturi hii ilianza lini?

Chama chenyewe kilianzishwa na Juliette Gordon Low mjini Savannah, Georgia, tarehe 12 Machi 1912, kikiwa na wasichana 18. Kubadilishana kumbukumbu kulikua polepole kadiri wasichana wa sehemu mbalimbali walivyokusanyika, kwa hiyo hakuna siku moja inayoweza kutajwa kuwa ndiyo ya mwanzo. Jambo lililoipa desturi hii nguvu ni mikutano minne mikubwa ya kitaifa ya wasichana wakubwa: wa 1956 katika jimbo la Michigan, uliokusanya wasichana wapatao 5,000, kisha wa 1959 karibu na Colorado Springs, wa 1962 huko Button Bay, Vermont, na wa 1965 huko Farragut, Idaho. Ukiwaweka maelfu ya wasichana wasiofahamiana katika uwanja mmoja wa mahema, kitu kidogo cha kumkabidhi mgeni hurahisisha sana salamu ya kwanza, na hiyo ndiyo kazi ya tunu hadi leo.

Je, ni lazima kila msichana awe nazo?

Hapana. Hakuna beji inayotolewa kwa ajili yake, wala hakuna kambi inayopaswa kumzuia msichana asiyekuwa nazo. Hata hivyo, msichana asiyejua kwamba wenzake watakuja nazo huweza kujiona ametengwa siku ya kwanza, hivyo ni busara mzazi aiulize kambi mapema.

Msichana aanze akiwa na umri gani?

Hata walio katika ngazi ya Daisy, yaani watoto wa shule ya awali na darasa la kwanza, wanaweza kushiriki. Wao wabandike, wapake rangi na kuchagua vipande. Mtu mzima afunge pini na kutumia gundi ya moto, ile inayoyeyushwa kwa joto. Kuanzia ngazi ya Junior, yaani darasa la 4 na la 5, wengi huweza kufanya kazi yote wenyewe, na ni vizuri waachiwe, kwa kuwa tunu iliyonyooshwa na mama hadi ikawa kamili hujulikana mara moja.

Hubadilishwa wakati gani?

Inategemea kambi. Baadhi hutenga saa maalumu, mara nyingi jioni kabla ya moto wa kambi au siku ya kuagana. Nyingine huacha jambo liende lenyewe kwenye foleni ya chakula na njiani kuelekea ziwani. Nje ya kambi, tunu hubadilishwa pia katika mikutano ya vikosi na katika sherehe za tarehe 22 Februari, siku ambayo tangu 1926 skauti wa kike na Girl Guides wa dunia nzima huitumia kukumbukana.

## Kutengeneza

Tunu iwe na ukubwa gani?

Sentimita 2.5 hadi 5 zinatosha. Inayozidi hapo huinamisha ukingo wa kofia na kunasa kwenye matawi. Mzigo wa mpokeaji ndio kipimo cha kweli: tunu yako peke yake haina uzito, lakini yeye atakuwa na 30 au 40 kichwani mwake kabla ya wiki kwisha.

Iandikwe nini?

Andika jina lako la kwanza, namba ya kikosi, baraza la Girl Scouts au eneo unakotoka, jina la kambi na mwaka. Maelezo haya ndiyo yanayoibeba tunu, kwani baada ya miaka miwili hakuna atakayekumbuka kobe yule wa kijani alitoka kwa nani. Tunu isiyo na maandishi ni pambo tu, hata iwe imetengenezwa kwa ustadi wa namna gani.

Usiandike jina la ukoo, anwani ya nyumbani wala namba ya simu. Zamani kuweka anwani lilikuwa jambo la kawaida ili wasichana waandikiane barua, lakini siku hizi viongozi wengi hawaruhusu, na wana haki: kikaratasi kinachotundikwa kwenye kofia husomwa na kila mpita njia. Wanaotaka kuandikiana wapitie kwa wazazi au viongozi wao.

Tumia kalamu ya wino usiofutika kwa maji, au penseli ikiwa huna. Kalamu za rangi za watoto huchuruzika katika mvua ya kwanza, na kikaratasi hubaki na doa la zambarau mahali palipokuwa na jina. Ukikifunika kwa utepe wa gundi usio na rangi pande zote mbili, kitadumu zaidi.

Nitengeneze ngapi?

Hesabu wasichana wa kundi utakalolala nalo, ongeza walezi wao, kisha ongeza chache za akiba kwa ajili ya zitakazovunjika na rafiki usiyemtarajia. Kambi yenye wasichana 200 haimaanishi tunu 200. Atakayejaribu hivyo atachoka kabla ya nusu, na zilizobaki zitaonyesha uchovu wake. Ni afadhali tunu 30 zilizotulia.

Kazi huenda haraka ikigawanywa kwa hatua badala ya kukamilisha tunu moja moja: kata vipande vyote leo, bandika vyote kesho, funga pini na maandishi siku ya tatu. Kikosi kizima kikikaa meza moja, kila mtu akishika hatua yake, mchana mmoja unatosha.

Ningependa mfano mmoja wenye hatua zote.

Tuchukue moto mdogo wa kambi, ambao hupendwa na hauhitaji vifaa vingi. Kata kiduara cha kitambaa kizito cha felti ya kahawia chenye upana wa sentimita 4. Hiki ndicho ardhi. Kabla ya kubandika chochote, pitisha pini nyuma ya kiduara, karibu na ukingo wa juu na si katikati. Pini ya katikati huifanya tunu ipinduke na kutazama chini ikitundikwa, na kosa hilo halirekebishiki gundi ikishakauka.

Vunja vijiti vikavu vyenye urefu wa pingili moja ya kidole, vitano au sita, uvipange kama paa la msonge, vichwa vikikutana juu. Weka tone la gundi panapokutana vichwa na tone jingine chini ya kila mguu, kisha uviache vikauke bila kuguswa. Hapa ndipo wengi hukosa subira: wakiingiza miali mapema, vijiti huteleza na moto mzima hulala. Vikishakauka, kata karatasi laini nyekundu, ya machungwa na ya njano, uisokote kidogo nchani na kuichomeka katikati ya vijiti, njano ikiwa ndani na nyekundu nje. Zungushia chini changarawe ndogo au shanga za kijivu badala ya mawe. Maandishi yabandikwe nyuma, chini ya pini, yasiizuie kufunguka.

Gundi ipi inashika?

Swali hili lina majibu zaidi ya moja, na tunu nyingi hufia hapa. Gundi nyeupe ya shule hushika vizuri karatasi, kitambaa na mti, lakini huhitaji saa kadhaa kukauka na haipendi maji. Gundi ya moto hushika mara moja, ndiyo maana viongozi wanaipenda, ila ina udhaifu miwili: hubanduka kwenye vitu laini vinavyoteleza, kama vizibo vya chuma na plastiki ngumu, na hulainika upya kwenye joto kali. Mfuko wa tunu ulioachwa ndani ya gari lililofungwa juani unaweza kukutwa umegeuka bonge. Ukilazimika kuitumia kwenye chuma, kwaruza kwanza mahali pa kubandikia kwa msasa.

Pini yenyewe isibandikwe kwa gundi ikiwezekana. Ipitishe kwenye kitambaa, ishone kwa nyuzi mbili tatu, au itundike kwenye kitanzi cha uzi. Pini iliyogandishwa hung'oka siku ya pili, kwa sababu kila anayeifungua huivuta.

Bangili za nyuzi zinahesabika kuwa tunu?

Zinahesabika, na katika kambi nyingine ndizo zinazotawala. Husukwa kwa uzi wa kudarizi, ambao hujengwa kwa nyuzi 6 nyembamba. Kwa bangili usizitenganishe. Kata nyuzi zenye urefu wa sentimita 80 hadi 90, zifunge pamoja kichwani, kisha bandika kichwa hicho gotini kwa pini kwenye kitambaa cha suruali. Kila fundo hufungwa mara mbili kabla ya kuhamia uzi unaofuata. Ukifunga mara moja, mstari hujipinda na rangi za chini huchungulia.

Tatizo lake ni muda. Bangili moja yenye mistari ya mshazari huweza kuchukua saa kadhaa, hivyo haifai kwa kugawiwa watu 30. Wasichana wengi huwapa bangili marafiki wa karibu wa kambi hiyo, na tunu za pini wengine wote.

Ni vibaya kununua vifaa vilivyokwisha kukatwa?

Si vibaya, hasa kwa kiongozi mwenye watoto wadogo na muda mfupi. Kasoro ni kwamba vikosi vingine navyo hununua vifaa hivyo hivyo, na msichana hurudi na tunu nne zilizofanana. Kuongeza kitu kinachohusu mahali unakotoka hutosha kuitofautisha.

Ni vitu gani visitumike?

Chakula cha aina yoyote. Peremende huvuta sisimizi na wanyama hadi mahemani. Maharagwe na mchele hupata fukusi. Karanga na maganda yake ni hatari kwa mwenye mzio, kwa hiyo hata kobe wa ganda la njugu aliyetajwa mwanzoni aachwe ikiwa kambi imekataza njugu. Mpira wa puto nao una mzio wake. Achana pia na vioo, njiti za kiberiti zenye baruti, na unga wa kumetameta, ambao huanguka njiani na kubaki ardhini. Kuhusu manyoya, tazama sehemu ya mwisho.

## Kubadilishana

Nimwendee vipi msichana nisiyemjua?

Taja jina lako na unakotoka, mwonyeshe tunu yako, kisha muulize kama angependa mbadilishane. Zaidi ya hapo hakuna utaratibu. Mpe mkononi, na useme neno moja kuhusu ulivyoitengeneza au kwa nini ulichagua umbo hilo. Yeye atasema la kwake. Kuacha tunu juu ya kitanda cha mtu na kuchukua yake bila kuonana si kubadilishana, hata kama zote mbili ni nzuri.

Naweza kukataa tunu nisiyoipenda?

Hapana. Katika desturi hii hakuna kanuni inayoheshimiwa kuliko hii. Ukiletewa, unapokea na kushukuru, na unatoa yako bila kuchagua ile iliyopinda. Tunu hazipimwi kwa thamani, hivyo hakuna kubadilisha mbili kwa moja wala kusubiri mwenye nzuri zaidi. Msichana wa miaka sita aliyeleta kipira cha sufi chenye jicho moja anastahili kupata sawa na anachopata mwenye shanga.

Zikiniishia na bado ninaletewa?

Sema ukweli kwamba zimekwisha. Wengi watakupa hata hivyo, nawe uwapelekee yako kabla ya siku ya kuagana ukiweza. Hapo ndipo akiba iliyotajwa katika swali la idadi huonekana kazi yake. Vipande vichache vilivyokatwa tayari na pini kadhaa kwenye kibahasha vinatosha kutengeneza nyingine wakati wa mapumziko.

Binti yangu ni mwenye haya. Atawezaje?

Mfanyie mazoezi nyumbani ya sentensi mbili tu, na umwombe kiongozi ampange na mwenzake mmoja kwanza. Kuzunguka wakiwa wawili huondoa nusu ya woga. Kambi nyingine huwapanga wasichana katika miduara miwili, mmoja ndani ya mwingine, wakitazamana na kusogea hatua moja kila wanapobadilishana. Utaratibu huu huwafaa sana wasiopenda kuanza mazungumzo, kwa kuwa zamu huja yenyewe.

Usikubali njia ya kukusanya tunu zote katika mfuko na kila mtu kuchomoa kwa bahati. Ni ya haraka na haimwachi mtu mikono mitupu, lakini mtoto mwenye haya hutoka humo akiwa na pini kumi za watu ambao hajawahi kuwasalimu.

Walezi na viongozi wanashiriki?

Ndiyo, wakiombwa. Mtu mzima asizunguke kukusanya.

Naweza kuuza zile nilizo nazo mbili mbili, au kuzibadilisha tena?

Usiuze. Kuibadilisha tena uliyopewa na mwenzako nako si adabu, hasa akiwa bado yupo kambini na anaweza kuiona kwenye kofia ya mtu mwingine. Zilizofanana ziweke zote. Kila moja ina jina lake.

## Hali za pekee

Niliokota unyoya mzuri karibu na hema. Naweza kuutumia?

Nchini Marekani, kwa kawaida hapana. Sheria ya ndege wahamao ya 1918 inakataza kumiliki manyoya ya karibu ndege wote wa porini wa asili ya nchi hiyo, hata unyoya uliodondoka wenyewe. Huenda likaonekana jambo kali kwa mtoto, lakini sheria iliwekwa wakati ndege waliuawa kwa wingi kwa ajili ya kofia za mitindo, na mlinzi wa mbuga hawezi kujua unyoya upi uliokotwa na upi ulitokana na ndege aliyepigwa. Tumia manyoya ya kuku yaliyotiwa rangi, yanayouzwa pamoja na vifaa vya kazi za mikono.

Na mbegu za msonobari, mawe au makombe?

Ikiwa kambi iko ndani ya hifadhi ya taifa, usichukue. Sheria za hifadhi hizo hulinda hata jiwe na mmea. Kwenye ardhi ya kambi yenyewe, muulize mlezi. Mara nyingi vijiti vikavu vilivyoanguka huruhusiwa, jambo linalotosha kwa moto mdogo ulioelezwa juu.

Je, tunu za mitego ya ndoto (viduara vilivyosukwa nyuzi kama utando) au vilemba vya manyoya zinafaa?

Kambi nyingi za zamani zilizitengeneza bila kufikiri. Mtego wa ndoto ni wa watu wa Ojibwe, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, na una maana kwao, na kilemba cha manyoya kwa mataifa ya wenyeji yanayokivaa ni heshima inayostahiliwa kwa matendo. Kuvigeuza pambo la kugawa kwa makumi hakupendezi, na viongozi wengi siku hizi huomba maumbo hayo yaachwe. Yako mengine mengi: bundi, mtumbwi, taa ya hema, kiatu cha kupandia mlima.

Ninasafiri nazo nje ya nchi. Nizingatie nini?

Wasichana wanaokwenda vituo vya dunia vya skauti wa kike, kama Our Chalet kilichofunguliwa Adelboden, Uswisi, mwaka 1932, au Sangam kilichopo Pune, India, hubeba tunu kwa wingi. Epuka mbegu, udongo, maganda ya mimea na makombe, kwa sababu forodha za nchi nyingi huvikagua au kuvitwaa. Pini huruhusiwa ndani ya ndege za Marekani; mkasi ulio katika mzigo wa mkononi uwe na makali yasiyofika sentimita 10 kutoka kwenye msumari wake, vinginevyo uwe katika mzigo wa chini.

Vikosi viwili vilivyo mbali vinaweza kubadilishana kwa posta?

Vinaweza. Viongozi wakubaliane idadi, watumie anwani ya kiongozi au ya baraza na si ya mtoto, na watengeneze tunu bapa zinazostahimili kubanwa. Weka kijibarua kifupi kutoka kwa kila msichana, kwa kuwa hapa hakuna maneno ya ana kwa ana yanayotajwa katika sehemu iliyotangulia.

Nizitunze vipi baada ya kambi?

Zitoe kwenye kofia kabla haijafuliwa. Pini hupata kutu na kuacha alama zisizotoka. Zihamishie kwenye kipande cha kitambaa kizito kilichotundikwa ukutani, kwa mpangilio wa mwaka, na uyasome maandishi yote ungali unakumbuka nyuso: palipofifia, andika upya. Kama nyumbani kuna mdogo asiyefikisha miaka mitatu, tundika juu asikofikia, maana shanga na pini ni rahisi kuishia mdomoni.